Kompyuta ya Tatu

Gari likifa mara moja, watu husema ni bahati mbaya. Likifa mara mbili mikononi mwa fundi yule yule, wanaanza kumtazama fundi. Bi Mita alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi, alipowasha swichi ya gari la mkunga na taa ya injini kwenye dashibodi ikakataa kuwaka, ishara kwamba limekufa tena, alishika usukani akatamani kuung'ata.

Jina la Bi Mita alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu haendi popote bila mita yake ya kupimia umeme. Jina halikumkera. Kilichomkera ni kwamba gereji ilikuwa ya baba yake, mzee aliyefungua na kufunga injini miaka arobaini mpaka magoti yakagoma, na ingawa kazi zote za umeme sasa alizifanya yeye, wateja walimpita pale mlangoni kama hawamwoni. Walikwenda moja kwa moja kwa mzee kwenye kiti chake, wakamwamkia, kisha: "Mzee, binti ameiweza?" Miaka sita ya ameiweza, hajaiweza! Mkunga alikuwa mteja wa kwanza kuingia na kusema, "Namtaka Bi Mita." Kwa hiyo mkunga akiondoka na gari bovu, habari itaenea, na Bi Mita atabaki binti wa mzee mpaka naye aote mvi.

Gari liliingia Jumatatu. Lilikuwa likizimika kila injini ikipata moto, na huko lilikotoka walishabadilisha plagi, pampu ya mafuta na karibu kila kitu kinachofungwa kwa skrubu. Bi Mita hakubadilisha kitu. Aliiacha injini ichemke, akaunganisha mashine ya kupimia, akangoja. Ilipozimika, mashine nayo ikasema haiioni kompyuta ya gari, ile inayoongoza injini. Akapima fyuzi: nzima. Akapima umeme unaoingia kwenye kompyuta: upo. Waya wa ethi, wa kurudishia umeme: safi. Lakini zile volti tano ambazo kompyuta inapaswa kuzituma kwenye sensa, vihisi vya injini, zilikuwa zimeshuka mpaka moja. Chakula kinaingia jikoni, sahani hazitoki. Hapo wa kulaumiwa ni mpishi. Alilitoa boksi la kompyuta nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria, akalifungua, akaona risasi inayoshikilia vipande vya bodi imepasuka na bodi imepiga weusi.

Muuza spea alikuwa na kompyuta tatu za namba ile ile, zilizotolewa kwenye magari yaliyogongwa. Bi Mita alichukua moja, akaioanisha na ufunguo, maana kompyuta hizi zisipoutambua ufunguo haziwashi injini hata ukizipigia magoti. Jumanne jioni gari liliunguruma saa nzima bila kukohoa. Jumatano asubuhi, kimya. Akafunga ya pili. Jumatano jioni likaunguruma tena, na Alhamisi asubuhi ndiyo hiyo ya kutaka kung'ata usukani.

Alizifungua zote mbili juu ya meza. Zilikuwa zimeungua mahali pamoja, kwa umeme ulioingia kwa kishindo. Umetoka wapi? Altaneta, inayochaji betri, aliipima mara tatu, haikuwa na neno. Wakati huo huo mafundi wa jirani walikuwa wanakuja mmoja mmoja kutoa pole na ushauri. Fundi wa rangi, ambaye ujuzi wake wa umeme unaishia kwenye kuwasha taa ya sebuleni, alisema ni relei.

"Relei gani?" Bi Mita akamuuliza.

"Relei tu. Magari haya yana relei nyingi."

Bi Mita alimgeuzia mgongo. Hapo ndipo alipomwona baba yake upande wa pili wa uwanja, ameinamia pikapu kuukuu ya muuza matofali. Injini ilikuwa inaunguruma. Mzee alilegeza kishikio cha betri kwa spana namba kumi, akakinyanyua, akainamisha kichwa kusikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akakirudisha. Injini ikiendelea bila betri, altaneta ni nzima. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Bi Mita alipokuwa na miaka kumi na miwili, na kwa magari ya zamani haikuwa na madhara makubwa. Lakini gari lenye kompyuta linaihitaji betri imeze mshtuko wa umeme. Ukiing'oa injini ikiwa inafanya kazi, mshtuko unatafuta pengine pa kwenda, na mahali penyewe ni kwenye kompyuta.

Na mzee alikuwa anafika gereji kila siku kabla ya mtu yeyote.

"Baba," alisema Bi Mita taratibu, "gari la mkunga umeligusa?"

"Nimelipima altaneta tu. Jana na leo. Gari halitoki gereji hii bila mkono wangu, unajua." Mzee alifuta spana kwa kitambaa. "Altaneta safi kabisa. Nakwambia mwanangu, shida ni hizo kompyuta zako."

Bi Mita alikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kioo, lakini utamwambiaje mtu aliyekufundisha kushika spana kwamba spana hiyo hiyo ndiyo inayokuharibia? Mzoea punda hapandi farasi, akajisemea, na heshima ni kitu cha bure. Akachagua njia ya mkato: mzee alipokwenda kunawa, aliichukua spana namba kumi akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akafunga kompyuta ya tatu, ambayo muuza spea aliapa ndiyo ya mwisho, na jioni akaondoka na ufunguo wa gari.

Ijumaa asubuhi gari liliwaka kwa mara ya kwanza bila ubishi, na mkunga akaingia na sare yake ya kazi, viatu vimejaa vumbi.

"Siku nne natembea kwa miguu," alisema. "Leo nina mama wawili wanaonisubiri. Hizo kompyuta mbili ziliuawa na nini?"

Bi Mita alimtazama baba yake, akaiangalia sakafu. "Kosa langu. Nilifunga vibaya."

"Mara mbili?"

"Msamehe, mama," mzee alisema kutoka kitini, kwa upole kabisa. "Bado anajifunza."

Bi Mita alihisi masikio yanawaka. Bado anajifunza! Heshima aliyoikopesha ndiyo hiyo imemrudia usoni.

Mkunga alimpa Bi Mita mgongo. "Basi mzee, naomba unipimie wewe mwenyewe kabla sijaondoka."

Mzee hakusubiri kuombwa mara ya pili. Aliinuka na magoti yake yale, akafungua boneti, injini ikaunguruma. Akatafuta spana mfukoni, akatafuta kwenye sanduku, akaguna. Halafu akaazima plaizi ya fundi wa rangi, akakibana kishikio cha betri na kuanza kukizungusha.

"Baba, acha!"

Gereji nzima iligeuka. Bi Mita alikuwa hajawahi kumpigia baba yake kelele, na sauti ilipotoka, maneno mengine yakaifuata yenyewe. "Ni wewe, Baba. Zote mbili umeziua wewe. Ukitoa betri injini ikiwaka, kompyuta inaungua. Hii ikifa hakuna nyingine."

Mzee aliiacha plaizi pale pale, akasimama wima. "Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Na spana yangu?"

Bi Mita aliitoa mkobani. Mzee aliitazama bila kuipokea.

"Wewe ulipokuwa unakosea, mimi nilikufichia spana?"

"Hapana, Baba. Ulinifokea."

"Ukajifunza?"

"Nikajifunza."

"Sasa mimi nimekuwa mtoto mchanga, wa kufichiwa visu?" Sauti yake ilitetemeka, na Bi Mita akaona kwamba kosa la kompyuta halikumuuma hata nusu ya hili.

"Kazini kwetu tunasema mficha uchi hazai," alisema mkunga, akiitazama saa yake. "Mmalizane, lakini mnimalizie na gari."

Mzee alivaa miwani. "Haya. Hiyo mita inapimaje?"

Bi Mita alimpa. Mzee aligusisha waya mbili kwenye betri na kukunja uso. "Mbovu hii. Inasema hasi kumi na nne."

"Si mbovu. Umegeuza waya, Baba."

Alizigeuza. "Kumi na nne nukta mbili." Akamgeukia binti yake, mbele ya mkunga na mbele ya fundi wa rangi. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Tangu azaliwe, baba yake alikuwa hajawahi kumuuliza swali la gari ambalo mwenyewe hakuwa na jibu lake. Machozi yalikuwa karibu kuliko alivyopenda.

"Ni nzuri, Baba," alisema. "Lakini ondoa hiyo plaizi juu ya betri, jamani!"