Masale Kumi na Tano

Kiangazi kile nilitimiza miaka thelathini nikiwa nauza masweta. Moshi, mwezi wa pili, jua la kukaangia yai juu ya bati, na mimi nimesimama nyuma ya meza nimezungukwa na manyoya ya watu wa nchi za baridi. Wasiojua biashara walinicheka. Wanaojua, yaani wapagazi wa mlimani, walikuja kwa makundi asubuhi kabla ya safari, wakajaribu majaketi huku jasho likiwatiririka shingoni, kwa sababu kule juu kabisa jua la Moshi halimsaidii mtu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na meza. Miaka minne nilitandaza turubai chini, mgambo akija nakunja, akipita natandaza tena. Sasa nilikuwa na meza ya mbao chini ya bati, na kiti cha mteja anayesubiri mwenzake. Nilikuwa na chumba Majengo, jina langu peke yake kwa mwenye nyumba, ufunguo mmoja. Mlango nilikuwa naufunga, napiga hatua tatu, narudi kuusukuma. Ndivyo nilivyo. Nikifungua belo la mitumba nahesabu nguo, nikimaliza naanza upya kutokea chini. Si kwamba siwaamini watu. Siwaamini mara ya kwanza, basi.

Ufunguo ulidumu kuwa mmoja wiki tatu. Baada ya Krismasi mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akashuka kutoka nyumbani Kibosho kuja kujifunza udereva. Alikuwa na miaka ishirini na minne, begi moja, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kulipia kitu bei ya kwanza kwa sababu kila mara kuna dada. Nikamchongea ufunguo wa pili. Nikafunga khanga katikati ya chumba: huku kitanda changu, kule godoro lake.

Tuliishi vizuri. Naandika hivyo kwa sababu baadaye watu waliniuliza kama sikuona dalili, na ukweli ni kwamba nilichoona kilikuwa furaha. Nilinunua friji ndogo, ya kwanza katika ukoo kununuliwa na mwanamke, na siku ya kwanza tulikaa mbele yake kama watu wanaotazama mpira. Aliweka kikombe cha maji ndani, akawa anafungua kila baada ya dakika kumi kuona kama yameganda. "Yangeshaganda kama ungeacha kuyatembelea," nikamwambia. Siku niliyofikisha thelathini alileta chipsi na nusu kuku, akaandika namba 30 juu yake kwa tomato. "Dada," akasema, "umezeeka kwa bei nafuu." Alipopata leseni aliazima pikapu ya rafiki yake, akaizungusha sokoni akipiga honi mpaka mama mmoja wa ndizi akamrushia ganda.

Sasa niseme kuhusu kihamba, maana bila hicho yote haya ni habari za friji.

Kihamba ni shamba la nyumbani, la migomba na kahawa, na kwetu huenda kwa watoto wa kiume. Mtoto wa kike hupewa baraka na seti ya sufuria. Baba yetu aliukataa utaratibu huo miaka mitatu kabla, akiwa bado anaweza kusimama na fimbo. Alituchukua watu wanne: mama, mdogo wangu, baba mdogo na mimi. Kuna kijia kinachoshuka hadi mferejini, na kando yake babu alipanda masale, ile mimea ya majani marefu inayooteshwa mipakani. Baba alianzia mferejini akawa anakwea na kijia, anagonga kila sale kwa fimbo na kuhesabu. Alipofika la kumi na tano akasimama.

"Kuanzia hapa hadi majini ni kwake," akasema. "Akiolewa, asiolewe, awe na pa kurudi."

Hapo kwenye la kumi na tano akapanda mstari wa masale mengine saba, kutoka kijiani kuingia migombani, uwe mpaka. Karatasi haikuwepo. Kwetu karatasi ni sale.

Mwezi mmoja baadaye alifariki.

Ardhi ile inaporomoka. Kutoka mferejini hadi la tisa ni mteremko ambao hata mbuzi anafikiri kwanza. Kutoka la kumi hadi la kumi na tano inalala tambarare, na hapo ndipo nyumba yangu ilipokuwa. Haikuwepo bado, lakini ilikuwepo: niliichora nyuma ya kalenda, vyumba viwili na kibaraza, nikaichora tena kwa sababu mara ya kwanza nilisahau mlango wa jikoni. Kila sweta nililouza nililiuza kwa ajili ya nyumba hiyo. Krismasi nilipita kijiani nikahesabu. Kumi na tano.

Katikati ya mwezi wa kwanza mdogo wangu akaniambia mama anataka kuchimbiwa mashimo ya migomba na udongo umekuwa tofali, jembe linaruka tu. Inahitajika sululu. Nikaenda naye mwenyewe kwa mzee mmoja mhunzi nyuma ya soko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo elfu kumi na tano."

"Baba, nimeuliza bei ya sululu, si ya sululu pamoja na wewe."

"Chuma cha reli hicho, binti. Kitakuzika."

"Kama ni cha reli, mimi siulizi umekitoa wapi, na wewe usiniulize kwa nini natoa elfu nane."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tukamaliza kwa elfu tisa, mpini juu yake. Njia nzima mdogo wangu alikuwa ananiigiza sauti. "Dada, wewe ukifa watakuzika nusu bei."

Jumapili nne mfululizo alipanda nyumbani. Mimi Jumapili nilikuwa siwezi, ndiyo siku wapagazi wengi hununua. Nilimpa sukari, mkate na majani ya chai ampelekee mama. Alirudi na ndizi na salamu, na ile Jumapili ya kwanza alirudi na malengelenge viganjani. Nilimkalisha kwenye kiti nikampaka mafuta, kidole kwa kidole, nikimsema kwamba kijana wa Kibosho anayechubuliwa na mpini ni aibu ya kata nzima.

"Udongo mgumu, dada," akasema.

Mwisho wa mwezi wa pili belo langu lilichelewa Dar. Sikuwa na cha kuuza. Alhamisi nikanunua kilo moja ya nyama nikapanda nyumbani bila kusema, nimfurahishe mama. Nikapita njia ya mferejini kwa sababu ya kivuli. Mdomo ulikuwa unahesabu wenyewe, kama wengine wanavyopiga mluzi. Saba, nane, tisa. Kwenye la tisa nikakuta mpaka.

Masale saba, mstari mmoja, kutoka kijiani kuingia migombani.

Nikasimama. Nikarudi hadi mferejini na nyama yangu mkononi, nikaanza tena. Tisa. Nikapanda hadi la kumi na tano. Hapo, chini ya majani makavu ya mgomba yaliyopangwa vizuri mno, kulikuwa na mashimo saba yaliyofukiwa. Nikashuka tena kwenye la tisa nikayaangalia yale saba kwa karibu. Nyasi zote kihambani zilikuwa zimekauka, rangi ya mkate. Lakini chini ya kila sale udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Nikagusa. Maji ya asubuhi ile.

Mdogo wangu alikuwa mjini tangu Jumapili.

Nadhani kama udongo ungekuwa mkavu ningempigia simu nimtukane, tugombane, yaishe. Ule unyevu ndio ulionikalisha chini. Kuna mtu alikuwa anashuka kila siku na ndoo, katika kiangazi ambacho maji ya mfereji ni ya zamu, kuhakikisha uongo unashika mizizi.

Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama. Mbona siku ya kazi? Wamekufukuza sokoni?"

"Yale masale ya kijiani umeyamwagilia leo?"

Kisu kiliendelea. "Jua kali."

"Masale hayamwagiliwi, mama. Yanaishi kwa umande."

"Yakiwa mageni yanamwagiliwa," akasema, kisha akasikia alichosema. Akaweka kisu chini. Hakulia wala hakuomba radhi. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mteja aliyegundua zipu mbovu: sawa, umeona, sasa tuzungumze.

"Wewe una mji," akasema. "Una meza, una chumba, una friji. Mwenzio ana leseni tu. Anataka kuoa, atajenga wapi? Kwenye ule mteremko? Na mimi nitazeekea kwa nani? Utanichukua nikalale Majengo nyuma ya khanga?"

Sikuwahi kumwambia mama habari ya ile khanga. Ndipo nikajua kwamba kila kitu kilichotokea chumbani kwangu kilikuwa kinapanda Jumapili pamoja na sukari: khanga, friji, meza, vyote vimehesabiwa na kuwekwa upande wangu wa mzani, ili ionekane nimeshapata fungu langu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, baba mdogo alituketisha barazani. Mdogo wangu alikaa mwisho wa benchi akisoma viatu vyake. Nikaeleza. Baba mdogo akajikuna kidevu muda mrefu.

"Kuhesabu kulikuwepo, hilo nakumbuka," akasema. "Sasa idadi yenyewe... siku ile, mwanangu, tulianza kunywa mbege mapema."

"Baba mdogo, ulikuwa umeshika koti la baba. Wewe ndiye uliyerudia baada yake, 'kumi na tano.'"

"Labda. Labda. Mama yenu yupo, aseme yeye. Shemeji, yalikuwa mangapi?"

Niseme jambo moja kuhusu mama na masale yale. Kabla sijaanza shule alinifundisha kuhesabu hapo hapo kijiani, yeye na ndoo kubwa kichwani, mimi na kidumu changu. Nilikuwa nakwama kwenye kumi na tatu. Naruka, nasema kumi na nne. Alikuwa ananirudisha hadi mferejini, na ndoo yake kichwani, nianze upya. Hakuna binadamu anayejua idadi ya masale yale kumzidi.

"Tisa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa safi, kama anasoma somo kanisani.

"Hesabu tena, mama."

"Tisa."

Baba mdogo akapiga magoti yake kwa viganja. "Basi," akasema, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilimtazama mdogo wangu. Hakuinua uso. Kesho yake alikuja Majengo kuchukua begi lake, akasimama mlangoni kama mgeni. "Dada, lakini ungedai maandishi siku ile," akasema. Alisema kwa upole kabisa, ananishauri. Nikamwambia aache ufunguo juu ya friji.

Mvua za masika zilipoanza, mama alishuka mjini. Ilikuwa asubuhi, soko limejaa, watu wamekimbilia chini ya mabati. Nilimwona anakuja kati ya meza, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba kifuani. Aliponifikia akatoa gazeti, akalifungua, na ndani yake kulikuwa na jani la sale limefungwa fundo.

Anayejua, anajua. Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani hilo kwa mkono wake, huna ruhusa ya kukataa. Hata damu husamehewa. Na nusu ya soko lile ni watu wa Kibosho, Machame na Mwika. Muuza mikanda wa meza ya pili akaweka mkanda chini katikati ya bei. Mama wa ndizi akajifunika ushungi wake kichwani, sijui kwa nini, kama yuko msibani.

Angeweza kuja chumbani. Alipajua, alipewa ramani yote. Alichagua sokoni, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi ambao mimi ndiye ninayewauzia. Nimebishana bei na watu maisha yangu yote, na nikaona mbele yangu aliyenifunza.

"Na mpaka, mama?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka umeshakaa, mwanangu. Mimi nimekuja kwa ajili ya moyo."

Mkono wake ulikuwa umenyooka. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzee. Nikalipokea jani. Watu wakashusha pumzi, mmoja akasema "aika, aika," asante ya kwetu, mwingine akamletea mama soda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akainywa taratibu, akiwaambia watu binti yake alivyo na akili ya biashara tangu mdogo.

Alipomaliza akafuta mdomo. "Jumamosi mdogo wako anachimba msingi," akasema. "Akina mama watapika. Utakuja?"

Pale tambarare. Kati ya la kumi na la kumi na tano.

"Nitakuja," nikamwambia.

Akaniangalia usoni kama mtu anayekagua kitambaa. Alijua siji. Akafunga mkoba wake, akasimama, akaniaga kwa jina langu la utotoni, na mimi nikageuka kumhudumia kijana aliyekuwa anasubiri jaketi.