Ulimi wa Kuazima

Padma aliletwa Bukoba akiwa bibi harusi kutoka Porbandar, India, kwa mumewe Rajnikant na duka la vitambaa ambalo siku hizi linauza zaidi ndoo za plastiki. Kiswahili alijifunzia dukani. Ndizi, chakula cha Wahaya wa huko, alifundishwa kuzipika na Jovina, jirani yake wa mtaa wa Kibeta. Jovina ndiye aliyemwonyesha namna ya kuzimenya, kuzipanga na maharage na kuzifunika kwa majani ya mgomba hadi zilainike. Padma aliongeza samli tu. Wakaitana dada, tena si kwa mzaha.

Basi kigango kikatangaza shindano la kupika ndizi: atakayeshinda ndiye atakayewapikia wageni sikukuu ya mavuno. Padma, ambaye hata kanisani hasali, akajiandikisha. Usimcheke. Miaka yote hiyo sokoni aliitwa "mama Mhindi", naye alitaka walau siku moja aitwe mwenyeji.

Balaa ni kwamba siku yenyewe iliangukia Ekadashi, mfungo wa Kihindu ambamo Padma hatii kinywani chumvi, nafaka wala maharage mpaka kesho yake. Mwingine angejitoa. Yeye akasema, "Jovina yupo. Ataonja yeye." Kweli mkamwana wa Jovina, Annastella, aliyeolewa kutoka Muleba, naye alikuwa anashindana, lakini Jovina aliapa kwamba hana upande.

Walipika uwanjani, kila mmoja na mafiga yake. Jovina akachovya mwiko, akaonja, akafumba macho.

"Bado, waitu, wa kwetu. Ongeza chumvi."

Padma akaongeza.

"Bado kidogo, dada."

Akaongeza tena. Nani humshuku dada yake kwa chumvi?

Mzee Byabato, kiongozi wa majaji, alitia tonge kinywani, akakunja uso, akaomba maji. Jaji mwenzake alitemea kwenye leso. Watu wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti, "Mwacheni akapike pilau!" Ushindi ukaenda kwa Annastella.

Padma hakuelewa. Alichukua kijiko, akavunja mfungo wake mbele ya uwanja mzima, akaonja. Chumvi ilimchoma ulimi. Hapo akaelewa yote, maana mpishi kama Jovina hakosei namna ile, tena mara mbili. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa, lakini nani anajipekua nguo kila asubuhi?

Alimfuata Jovina nyuma ya jengo la kigango, alikokuwa akisuuza sufuria za mkamwana wake.

"Umenifanyia hivi kwa ajili ya Annastella?"

"Annastella angeshindwa na mwenzake wa hapa, nisingejali," Jovina akajibu. "Lakini wewe, Padma? Tena kwa ndizi! Wahaya tungeuweka wapi uso wetu?"

"Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha ule na mumeo."

"Unaniita dada, Jovina."

"Nyumbani wewe ni dada yangu," akasema Jovina, bila hata kukwepesha macho. "Hapa tuko mbele za watu."

Padma aliumia zaidi kuliko alivyoumizwa na kile kicheko cha uwanja mzima. Alilia palepale, kwa sauti, na Jovina akakimbia kumletea kiti, kama aletewavyo mgeni.