Usingizi wa Kahe

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Niliacha shule darasa la nne. Nilianza kazi kama utingo wa lori la mkaa, na kabla sijafikisha miaka arobaini nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, pikapu, nyumba ya matofali Shirimatunda na ekari nne za mpunga kule Kahe. Hakuna aliyenishika mkono. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ruksa, wasomi walikuwa bado wanaulizana ruksa ya nini, mimi nilishaleta mabati. Ukipanda mlimani leo ukaona paa linang'aa kati ya migomba, kuna uwezekano mkubwa limetoka dukani kwangu.

Lakini sifa yangu kubwa haikuwa mali. Ilikuwa kutochoka. Nilifungua duka kabla majirani hawajapiga mswaki, nilipakia saruji pamoja na wapagazi, na jioni nilikwenda kukagua kazi za watu wasionihusu. Mafundi walikuwa wakisema, "Yule mzee hali ugali, anatia dizeli." Nilipenda kusikia hivyo.

Mwaka mmoja, masika ilipokwisha, macho yangu yakawa ya manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Daktari, kijana mwenye miwani, alisema kuna kirusi kimeingia kwenye ini. Nikamwambia anichome sindano. Akasema hakuna sindano ya kukiua, mwili wenyewe utakitoa. Nipumzike, nile, nisiguse pombe kwa miezi sita.

"Na uchovu unaweza kubaki muda mrefu hata macho yakishasafika," alisema. "Usishangae, mzee."

Nilimsikia kama unavyomsikia mtu anayenadi kitu usichokusudia kununua.

Baada ya wiki tano macho yalikuwa meupe. Nikarudi dukani. Siku ya kwanza nilinyanyua debe la rangi nilipandishe rafuni, nikalirudisha chini, nikalikalia. Nilikaa pale mpaka mteja akadhani debe lenyewe haliuzwi. Ule haukuwa uchovu ninaoujua. Uchovu wa kawaida unajua ulikotoka: umebeba, umetembea, umekesha. Huu ulinikuta nimekaa, ukazidi nikiwa nimekaa. Nililala usiku kucha, saa tisa nzima, nikaamka kama mtu aliyekuwa anapasua mawe.

Na moyo nao ukazima. Sikuwa na huzuni ya kitu fulani. Ni kwamba hakuna kilichonigusa. Asubuhi mlima ulikuwa ukitoka wote, mweupe mpaka mabegani, na wageni wanasimama barabarani kuutazama. Mimi niliuona kama ukuta wa jirani. Mke wangu alinipikia mtori wa ndizi na nyama, nikaumeza kama dawa. Kuna mteja mmoja mbishi ambaye miaka yote tulikuwa tunavutana bei ya misumari mpaka koo linakauka. Alipotaja bei yake ya kijinga nikamwambia, "Chukua." Akaichukua huku ananikagua usoni, halafu akafungua mfuko kuangalia kama misumari ina kutu.

Kusema nimechoka sikuweza. Kwetu mwanamume akisema amechoka, au ni mvivu au ana ule ugonjwa. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Watu walikuwa wameshajijibu wenyewe. Na mimi nilikuwa nimekonda. Mkanda wangu niliutoboa matundu mawili mapya.

Ndipo nikaigundua Kahe. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilimwambia mke wangu nakwenda kuangalia maji shambani. Shambani kuna kibanda cha pampu, kidogo, cha mabati. Nilikuwa natandika magunia, nafunga mlango, nalala saa tatu nzima kwenye joto lile la kuoka mkate. Nikiamka nashuka mferejini, napaka viatu matope, narudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini.

Mafundi wakaanza utani. Mmoja aliniambia mbele ya wateja, "Mzee, mpunga umeshauvuna. Huko Kahe umepanda nini kinachotaka kumwagiliwa kila siku?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Sikukanusha. Nilipima mwenyewe nikaona kuambiwa nina mwanamke Kahe ni afadhali kuliko kuambiwa nimeishiwa nguvu. Mtu mwenye mwanamke bado ni mtu. Nikauacha uvumi uende, na ukaenda, maana uvumi wa Moshi hauhitaji kusukumwa.

Ulifika nyumbani kabla yangu. Jioni moja mke wangu alisimama nyuma yangu nikiwa navua viatu.

"Baba watoto, huko Kahe kuna nini?"

"Kuna mpunga."

"Mpunga uko stoo, nimeuanika mimi."

"Kuna maji ya kuangalia."

Alinyoosha mkono akachomoa uzi wa gunia kwenye mgongo wa shati langu, akauweka mezani mbele yangu.

"Maji yanalala chali?" aliuliza. Akaendelea kwa sauti ya chini, bila kugombana, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umekonda. Hunigusi. Hucheki. Kila siku uko Kahe. Mimi nina watoto watatu. Nikikufuata kaburini nani atawalea?"

Ningeweza kumweleza pale pale. Nilichomwambia ni, "Usinisumbue."

Wakubwa wawili walikuwa shule za bweni. Alimchukua mdogo, akapanda basi kwenda kwao Mkuu, Rombo.

Nilikaa wiki mbili peke yangu. Kahe sikwenda tena, maana nyumbani hapakuwa na wa kumficha. Nieleze jinsi ilivyokuwa: hata kusikitika kulitaka nguvu, na sikuwa nazo. Nilijua kwa akili kwamba nyumba iko tupu. Nilijua pia kwamba mwezi ukipita bila mimi kwenda kwao, wazee wake watahesabu nimemwacha, na kumrudisha baada ya hapo ni kazi ya ukoo mzima, na huenda asikubali. Huyu ni mwanamke aliyenikuta na lori si langu. Nilikuwa najua haya kama unavyojua kwamba kuna mvua nje na wewe umelala. Siku ya kumi na tano nikaamka.

Kwetu ukimkosea mtu kuna njia yake. Kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, tunapanda sale, mmea wa majani marefu yasiyonyauka upesi. Unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, na akipelekewa hilo hawezi kukataa kusamehe. Mimi nilifikiri hivi: nikienda mikono mitupu nitabishana na wakwe siku nzima, na sina nguvu ya siku nzima. Jani litafupisha maneno. Nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikapakia na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, nikapanda Mkuu.

Sikufikiria kwamba jani halifupishi maneno. Jani ni kukiri.

Baba mkwe alikuwa ameketi nje, mkulima mzee wa kahawa, mkono mzito, maneno machache. Pembeni yake shangazi wa mke wangu, ambaye maneno yake hayakuwa machache. Mke wangu alikuwa kwenye benchi karibu na mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alilipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama fundo, akaliweka gotini.

"Nimelipokea. Sasa taja kosa."

Sikuwa nimeandaa kosa.

"Huyo wa Kahe ana jina?" shangazi akauliza.

"Hakuna wa Kahe, shangazi."

"Basi jani la nini? Umetukosea kwa kupanda migomba?"

Baba mkwe akaagiza mbege imiminwe, labda ili koo zilegee. Kata ikaletwa kwangu kwanza, kwa sababu aliyeleta ndiye anayeonja, wote waone ni salama. Nikaishika. Ilikuwa na povu zuri. Nikairudisha.

"Daktari amenikataza."

Hapo hakuna aliyetania. Niliona wanavyojumlisha: amekonda, ameleta jani, amekatazwa na daktari. Mke wangu aliinamisha uso. Shangazi alisogeza kigoda chake nyuma, kidogo tu, kama mtu anayekwepa jua. Katika maisha yangu nimetukanwa na maajenti wa magari, na polisi, na watu wenye digrii. Hakuna tusi lililoniingia kama kile kigoda.

"Nalala," nikasema.

"Unalala na nani?" akauliza baba mkwe.

"Peke yangu, baba. Kwenye kibanda cha pampu. Juu ya magunia. Tangu niugue ini nimechoka. Naamka nimechoka, nakula nimechoka, nikiongea na mteja natamani anyamaze nilale. Sikutaka mtu aone. Naendesha gari mpaka Kahe ili nikalale. Hilo ndilo kosa."

Mzee alinigeukia.

"Wewe umechoka?"

"Mimi."

"Uongo wenyewe haujaiva," alisema shangazi. "Mtu ana kitanda cha mninga nyumbani, anachoma petroli kwenda kulala kwenye bati!"

"Mtu akitunga uongo," baba mkwe alisema polepole, "anatunga unaomfanya aonekane mkubwa. Namfahamu huyu. Huu si wa kwake." Kisha akamgeukia binti yake. "Jani nimeshalipokea, siwezi kulirudisha. Lakini wewe una macho. Nenda Kahe ukaone, halafu utaamua mwenyewe."

Tulikwenda kesho yake. Shambani alishuka, hakunisubiri, akamwendea mama mmoja mzee wa pale Kahe ambaye mpunga wake ulichelewa na alikuwa bado anainga ndege kwa kupiga kopo.

"Shikamoo, mama. Huyu mwanamume unamfahamu?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu anayekoroma?" Mama yule alinionyesha kwa kopo. "Tangu aanze kulala humo ndege hawatui upande huu. Wiki hizi mbili hakuja, wamenimaliza. Ni mume wako? Mwambie arudi."

Mke wangu hakucheka. Alifungua kibanda, akaingia peke yake, akakaa humo muda wa kutosha kuona kila kona. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka.

"Magunia yamebonyea mahali pa mtu mmoja," alisema.

"Nilikuambia."

"Hukuniambia. Uliwaambia baba na shangazi." Akafunga mlango wa kibanda kwa komeo. "Ukitaka nirudi, utalala nyumbani. Barazani, penye hewa. Mchana."

"Watu wanapita pale. Wataona."

"Waone."

"Na duka?"

"Nitafungua mimi. Nimekuangalia miaka kumi na saba, sijui bei ya bati?"

Nikamwambia nitafikiria. Nikaingia kwenye gari, nikawasha. Yeye hakuingia. Alisimama juani na mkoba wake kwapani.

"Fikiria hapa hapa," alisema.

Nilizima injini. Miaka yote nilikuwa nimejenga jina la mtu asiyechoka, na jina hilo lilikuwa na thamani kuliko duka. Wateja walilinunua pamoja na saruji. Yeye alikuwa anataka nilitandike barazani likanyagwe. Mama wa kopo alikuwa ameacha ndege wake, anatutazama.

"Sawa," nikasema. "Panda."

Jumapili, baada ya misa, alinitandikia mkeka na godoro dogo barazani Shirimatunda. Nililala ubavu, uso ukutani, ili nisione nani anapita. Haikuchukua muda nikasikia kengele ya baiskeli getini. Niliijua sauti: ni yule fundi wa maswali ya Kahe.

"Mama, mzee yupo? Nina kazi ya kenchi za paa hapo juu, nataka aje aone."

"Yupo. Amelala."

"Saa nane hii? Anaumwa?"

"Hapana," mke wangu alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. "Amepona. Amechoka."

Nikasubiri kicheko. Nilikuwa nimekaza shingo kabisa kukingoja.

"Kama kaka yangu," fundi alisema. "Alipata hiyo hiyo ya macho ya manjano. Mwaka mzima, mama, mwaka mzima alikuwa kama gunia. Mpe pole."

Nilitaka kuinuka nimuulize huyo kaka yake alianza lini kupata nguvu, na alikula nini. Niliweka kiwiko chini. Mwili ukakataa, na safari hii sikubishana nao.