Uso Uliobaki Ukutani

Ugonjwa wangu ulianza kwa sababu ya kuku. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi pale Kitale, mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Endebess alinadi vitu vyake vyote kabla ya kurudi kwao. Nilikwenda mnadani kutafuta sanduku la mbao ambamo kuku wangu angeatamia. Nililipata, lakini lilikuwa zito mno. Kulifungua nyumbani, nikakuta limejaa santuri, zaidi ya arobaini, kila moja katika jalada lake. Juu ya majalada hayo vijana wenye nywele ndefu na suruali za kubana walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia chumbani kwao bila kupiga hodi. Kuku alitafutiwa ndoo iliyotoboka. Sanduku sikumpa.

Hata gramafoni sikuwa nayo! Nilizipanga santuri zile kitandani, nikazitazama mpaka ugali ukaungua jikoni. Kuna watu wanaopenda muziki, na nawaheshimu. Mimi nilipenda vitu vya muziki: karatasi yake, rangi zake, harufu ya jalada lililokaa kabatini miaka mingi. Wenzangu shuleni walinicheka. Mwanamke mzima, walisema, badala ya kukusanya sufuria anakusanya picha za wahuni. Mimi si mtu wa kunyamaza. Niliwaambia sufuria kila mtu anazo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini jina langu lilikuwa limeenea. Watu waliniletea tiketi za dansi zilizokunjwa mara nane, mashati ya bendi yenye vipande vya kumeta, na siku moja shingo ya gitaa isiyo na mwili. Niliwapa mayai, miche ya sukuma wiki, na kwa bango moja zuri kabisa nilitoa sungura hai. Sijutii hata kidogo.

Aliyenifundisha kuthamini vitu hivyo alikuwa fundi wa redio pale Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea nilichopata, naye alikipima mbele yangu. Santuri aliielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha polepole akitafuta mikwaruzo. Jalada alilinusa kwanza, ajue kama panya wamelipitia. Mabango yalikuwa na sheria yake.

"Usianze na picha, Mwalimu. Picha inalemba, inakudanganya, bana. Geuza uone mgongo."

Mgongoni ndipo palipokuwa na habari: alama za gundi, matundu ya misumari, mahali maji yalipopita. Alinifundisha pia kubandua bango lililogandishwa kwa uji wa unga, kama watu wa kwetu wanavyopenda kubandika. Unalowesha kitambaa kwa maji ya moto, unakikandamiza juu ya karatasi, halafu unakaa.

"Kalatasi ikikataa usivute. Ngoja ikuachilie yenyewe."

Mzee huyu alikuwa na shida moja, na ilikuwa shida ya ajabu. Katika ujana wake alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi ya roki, bendi ya vijana wanne waliocheza Kitale na kwingineko. Baadaye aliokoka. Siku ya kuokoka alipeleka gitaa, mashati na picha zake zote kwenye mkutano wa injili, zikachomwa mbele ya watu, maana ndivyo ilivyokuwa ikifanyika: vitu vya dunia vinateketezwa. Mke wake alikutana naye kanisani, miaka mingi baada ya moto ule kuzimika.

Basi kila aliposimama kutoa ushuhuda, alieleza Bwana amemtoa wapi. Tatizo ni kwamba alieleza vizuri mno. Jukwaa, taa, wasichana wanazimia. Waumini wakaanza kutazamana. Mke wake mwenyewe alikuwa akisema, bila kuficha, kwamba ushuhuda wa mzee unanenepa kila mwaka. Walichokiona wao ni fundi mpole mwenye upara, anayetengeneza redio na kuogopa ng'ombe. Nani angeamini kwamba ndiye aliyezimisha wasichana? Mwishowe wazee wa kanisa walimwita, wakamwambia kwa upendo kwamba kujisingizia dhambi nako ni dhambi. Asitoe ushuhuda tena mpaka awe tayari kusema ukweli.

Aliponisimulia hayo aliweka chuma cha kuchomea waya chini. "Mwalimu, nimesema ukweli na wameniita mulongo. Hata mama watoto." Uthibitisho hakuwa nao. Alikumbuka kwamba walikuwa wamechapishiwa mabango machache ya dansi moja ya Kitale, yakabandikwa kwenye miti, na usiku huohuo mvua ikanyesha.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Agosti, mwaka wa tohara, na Bungoma yote ilikuwa na shughuli. Alhamisi wakati wa chai, mwalimu mwenzangu kijana, mzaliwa wa Bumula huko Bungoma, alinisogelea.

"Mwalimu, si wewe unapenda makaratasi ya bendi? Kwetu kuna simba ya kaka yangu, imebandikwa mpaka kwa dari."

Simba, kwa asiyejua, ni kibanda cha kijana ambaye bado hajaoa. Kaka yake alikuwa ameshaoa zamani na kujenga kwingine.

"Kuna la dansi ya Kitale?" nilimuuliza.

"Liko moja la watu wanne wako na gitaa. Ati mmoja ana nywele kama kichaka. Lakini harakisha. Huyo kijana wetu anatahiriwa atalala hapo, na akina mama wanakandika hiyo nyumba Jumamosi."

Chai yangu yote iliishia kwenye madaftari ya darasa la sita. Kukandika! Hakuna mama wa Kibukusu atakayekubali wageni wa tohara waone ukuta wenye vumbi na masizi. Tope jipya lingepakwa juu ya kila kitu, na bango lile lingezikwa wima.

Jumamosi nilipanda gari la kwanza la kwenda Bumula, birika langu kubwa likiwa mapajani. Njia nzima moyo ulikuwa ukinidunda kama wa msichana anayekwenda kuposwa. Nitasema ukweli: sikuwa nikimfikiria fundi peke yake. Nilijua kwamba hakuna mwingine mwenye bango la bendi ile. Mpango wangu ulikuwa nimwonyeshe, aonyeshe kanisani, kisha nilirudishe Kitale likae juu ya kabati langu la santuri mpaka nife.

Nilipofika, kuta mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kupakwa. Akina mama saba walikuwa kazini, wamejaa tope mpaka viwikoni, wakiimba. Mkuu wao alikuwa bibi wa boma, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Kukhu," nilimwamkia kwa Kibukusu changu cha kuokoteza, maana ndivyo wanavyomwita nyanya, "naomba nibandue karatasi kabla hamjafika ule ukuta."

Alinitazama, akalitazama birika. "Umetoka Kitale na birika ndiyo utoe takataka yetu?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Basi toa. Lakini tope yangu ikianza kukauka, sikungoji."

Na lilikuwapo! Kando ya dirisha, kubwa kama ukurasa wa gazeti, wino mwekundu na mweusi. Vijana wanne. Wa kwanza kushoto alishika gitaa la besi, nywele zimemzunguka kichwa kama mzinga wa nyuki, na alikuwa akicheka. Katikati ya meno yake ya juu kulikuwa na mwanya ambao nilikuwa nimeutazama kila mwisho wa mwezi kwa miaka minane. Nilipiga kelele. Akina mama walikuja mbio na mapanga wakidhani nimeona nyoka.

Maji yalichemshwa. Nilianza upande wa kulia wa bango, nikiwa na kitambaa na subira yote niliyonayo, ambayo si nyingi. Mpiga ngoma aliachia. Mwimbaji akaachia. Wa gitaa la kwanza naye akatoka mzima, mpaka vifungo vya koti. Nilikuwa nikicheka peke yangu. Nyuma yangu nilisikia tope likipigwa ukutani, pa, pa, likinisogelea, na mama mmoja akasema, "Mwalimu, si umalize?" Basi yote niliyofundishwa yakanitoka. Karatasi ilikataa kidogo, nami nikavuta.

Ilitoa sauti ndogo tu. Mkononi nilibaki na bango lenye vijana watatu na gitaa la besi lililoshikwa na mtu asiye na kichwa. Uso ulikuwa umebaki ukutani, umegandamana na udongo, ukicheka na mwanya wake.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Sioni aibu kusema. Vitu vyote nilivyowahi kupata sikuwahi kuharibu hata kimoja, na sasa nilikuwa nimemrarua mtu niliyetaka kumwokoa. Nilijaribu kuulowesha ule uso tena, ukaanza kutoka vipande, nikaacha.

Kukhu alikuja akachuchumaa kando yangu. "Huyu amekataa kutoka ni nani?"

Nikamweleza yote: fundi, moto wa mkutano, ushuhuda, wazee wa kanisa. Nilipofika mahali pa kujisingizia dhambi, akina mama wote walikuwa wameacha kazi. Mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu kwa mikono ya tope. Kukhu hakucheka.

"Kwa hivyo mtu anasema alikuwa mbaya, na wanakataa?"

"Wanakataa, Kukhu."

"Na mke wake pia?"

"Mke ndiye wa kwanza."

Alisimama. "Leteni panga."

Sikuelewa mpaka alipoanza kukata. Alizungusha panga kuufuata ule uso, taratibu kama anayekata keki ya harusi, katikati ya fito mbili, akachokonoa kwa nyuma kutoka nje. Nilimwambia, "Kukhu, ukuta wenu!" Akanijibu kwamba ukuta ni tope na tope ndilo hili hapa limejaa tele. Kipande kilitoka kizima, kikubwa kama mkate, majani makavu yakichomoza pembeni, na juu yake fundi wa Kanduyi akicheka. Walikiweka kwenye ungo juu ya majani ya mgomba. Kabla sijamaliza kuwashukuru, tundu lilikuwa limezibwa na kulainishwa, na wimbo umeanza tena.

Nilifika Kanduyi jioni jua likiwa bado juu. Fundi alikuwa kibandani kwake, ameinamia redio. Kwa woga wangu nilimpa bango kwanza. Aliligeuza akatazama mgongo, kama kawaida yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaligeuza tena.

Aliwagusa wale watatu mmoja mmoja kwa kidole. "Huyu wa ngoma alifaliki zamani," alisema. Kidole kikafika kwenye tundu. "Mimi siko."

"Mzee, nisamehe," nikamwambia, "nilivuta," nikafunua majani ya mgomba.

Alikwenda akanawa mikono kwa sabuni, akajipangusa, ndipo akakishika kile kipande. Akaita nyuma ya nyumba. Mke wake alikuja na unga mikononi, tayari ana maneno mdomoni kuhusu mtu anayemwita wakati wa kupika. Akatazama lile tope. Akamtazama mumewe. Akatazama tope tena, kwa karibu.

"Huo mwanya ni wako," alisema.

"Ni wangu."

"Na hayo manywele yote?"

"Yalikuwa yangu, mama watoto."

Aliketi kwenye kigoda cha wateja. "Kumbe ulipotea kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nimekuwa nikikucheka."

"Nilipotea kabisa," alijibu mzee, na machozi yakamtoka huku anacheka. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

Tulipotulia nikamwambia niko tayari kulipeleka lote Kitale, nililoweshe polepole, siku tatu ikibidi, niunganishe. Na kama hataki nilichukue, basi bango zima libaki kwake. Nilisema hivyo na roho ikiniuma.

"Hapana, Mwalimu. Hao watatu beba, ni wako. Huyu niachie mimi."

Nililala kwao. Asubuhi ya Jumapili mzee alivaa suti, akafunga tai, akaenda kuchukua ungo mezani. Haukuwapo. Tulipotoka nje tulimkuta mke wake amekwisha kujitwika, ngata kichwani, majani ya mgomba ameyatupa, na lile tope amelisimamisha ndani ya ungo ule uso ukitazama mbele, watu wanaokuja wauone. Mzee alitaka kumpokea akakataa. Jirani mmoja alitaka kumsaidia akakataliwa pia. Alitutangulia barabarani mpaka kanisani, amenyoosha shingo, na hakuruhusu mtu mwingine aliguse.