Fuvu la Kiseke

Katekista wetu wa Kiseke, hapa Mwanza, alivaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, kama nahodha wa meli, na kwa ubishi hakuna nahodha aliyemfikia. Miaka ile ya tisini, wenzake walipohangaikia biashara ya sangara, yeye alihangaikia fuvu. Mimi nilihangaikia harusi. Mchumba wangu alikuwa Mkristo, kwetu hatukuwa, na nisipofaulu maswali ya ubatizo ndoa ingesubiri Pasaka ya mwaka mwingine.

Siku ya maswali alitupandisha kwenye mawe, sisi wanafunzi wake na wasimamizi wetu wa ubatizo.

"Golgota," alisema, "kwa lugha ya watu wale ni fuvu la kichwa. Walatini wakalitafsiri, ndipo tukapata Kalvari. Fuvu lile lile! Wengine husema kilima chenyewe kilifanana na fuvu. Haya, tazameni jiwe lile. Mnaona nini?"

Alitaka tuseme fuvu. Lakini kumwuliza mtu wa Mwanza jiwe linafanana na nini ni kutafuta ugomvi. Mvuvi wa Kijita aliona kichwa cha sangara. Mfugaji aliona ng'ombe amelala. Wakabishana mpaka mate yakawaruka. Katekista akanigeukia, amenuna.

"Wewe binti?"

Jibu nilikuwa nalijua. Tatizo ni macho yangu, yana kiherehere, na mdomo huyafuata. "Shikamoo mwalimu," nilianza kwa hofu, ingawa nilishamwamkia mara mbili. "Mimi namwona mama mkwe, amefunga kilemba."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akasogea mbele, akainamisha kichwa upande, akalikagua jiwe bila haraka.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtoto mbatize. Hata pua ni yangu."

Nikabatizwa, nikaolewa. Tangu hapo, kila Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba ilipokaribia jiwe, mama mkwe alitangulia akasimama kando yake ili watu wafananishe. Katekista alifoka miaka yote, mwisho akachoka.

Siku hizi mama mkwe hayupo tena duniani. Ijumaa Kuu, linaposomwa pale penye jiwe lile neno, fuvu la kichwa, mimi nalia kweli kweli. Wageni hunitazama kwa heshima, wakidhani nina ibada kubwa. Nawaacha wadhani hivyo. Nafuta machozi, naitazama pua yake.