Flashi Kwenye Jua la Mchana

Juzi, Tegeta, nilimwona mpiga picha akitumia flashi kwenye jua kali, nikamkumbuka Bibi kwenye harusi ya shangazi, Buguruni, nilipokuwa mtoto. Uani kulinukia udi na pilau. Tulipopangwa kwa picha ya ukoo, Bibi aligoma. "Pigeni nyie. Mie hutoka kiza kitupu, ushungi usio na uso."

"Njoo tu, Bibi," mpiga picha alimbembeleza. "Jua la utosini ndilo linalokutia kivuli. Flashi itakiondoa."

Nilimwonea huruma yule mpiga picha, mtu mzima kuwasha taa mchana.

Picha ilipoletwa, Bibi alizunguka nayo kwa majirani wote, akiuliza, "Mie nipo wapi hapa?" Kila mmoja alimwonyesha papo hapo. Mimi nilidhani amesahau aliposimama.