Usinisalimie, Napima Baruti

Pandu Makame wa Bayview, Chatsworth, alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Rukia, mzaliwa wa hapohapo Durban, katika ile jamii ya Wazanzibari waliohamishiwa Chatsworth zamani. Wa pili alikuwa bunduki ya kijeshi ya mwaka arobaini na tatu. Maneno hayo ni ya Bi Rukia mwenyewe, na aliyasema mbele ya wageni bila haya yoyote, huku Pandu akicheka na kujimiminia chai.

Pandu mwenyewe alizaliwa Unguja. Aliteremka bandarini Durban akiwa fundi wa meli, akapenda, akaoa, akabaki, na sasa alikuwa akitengeneza winchi za kupakulia mizigo. Baba yake aliwahi kuibeba bunduki ya aina hiyo huko Burma, akarudi na hadithi moja tu, kwamba ilikuwa nzito. Basi jeshi lilipouza mabaki ya ghala zake, Pandu alikata leseni, akanunua moja, akaifungia katika sanduku la chuma lililopigiliwa ukutani. Alipoinyanyua mara ya kwanza alicheka peke yake. Kweli ilikuwa nzito.

Risasi za zamani zilikuwa zimeanza kuadimika, na nyingine zilishaharibika kwa uzee, kwa hiyo alijitengenezea zake. Baada ya kupiga shabaha aliinama kuokota maganda matupu kama mama anayeokota nguo za watoto sakafuni. Aliyasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia, akapima baruti kidogo, kisha akapachika kichwa alichokiyeyusha mwenyewe kutokana na madini ya risasi. Kazi hiyo aliifanyia nyuma ya nyumba, katika banda la gari ambalo halijawahi kuona gari. Hakuna saa alizozipenda kuliko hizo. Unaweza kumwita mtu wa ajabu, lakini alikuwa na furaha, na wangapi kati yetu wanaweza kusema hivyo Jumamosi mchana?

Madini aliletewa na Barthélemy, Mkongomani wa Bukavu aliyekimbia vita na sasa akifanya kazi kwa fundi wa matairi Greyville. Barthélemy alikusanya vile vipande vizito vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike, akavijaza koponi, akavileta kila wiki. Mwanzoni alikuwa akiliweka kopo mlangoni na kuondoka, maana bunduki hakutaka hata kuiona. Kisha siku moja akakaa kitako na kusema, "Papa Pandu, minataka kupiga moja."

"Wewe? Kwa nini tena, Baba Doudou?" Pandu akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Siku zote ni bengine banapiga, mimi minakimbia. Minataka moja ikuwe yangu. Kwa karatasi tu."

Pandu alimshika mkono. Akamwahidi kwamba siku ya mashindano ya bunduki za zamani, klabu yake ya shabaha ikiruhusu wageni wapige chini ya uangalizi wa mwanachama, atapiga. Pandu naye angeshindana. Mwaka uliotangulia alikuwa wa pili, nyuma ya mzee mmoja mstaafu wa posta ambaye hakuacha kumkumbusha.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, Pandu alikuwa bandani akimimina baruti. Maganda yalisimama wima kwenye ubao wenye matundu, naye akienda moja baada ya moja. Kanuni ya kazi hii ni moja, kwamba wakati wa baruti husemi na mtu. Baruti yenyewe ni kidogo, inazama chini ya ganda, na ukipotea hesabu unaweza kumimina mara mbili pale pale bila kujua. Bunduki ikipewa mara mbili hupasuka, na kinachokuwa jirani na mpasuko huo ni jicho la mpigaji.

"Hodi! Iko mutu?"

Hapo ndipo ulipo ubaya wa kulelewa vizuri. Mzungu wa klabu angenyanyua mkono tu bila kugeuka. Pandu wa Unguja aiache hodi ining'inie hewani? Haiwezekani. Mkono ukiwa na kijiko cha baruti, akajibu, "Karibu!"

"Jambo, Papa. Habari ya masiku? Mama iko muzima? Batoto bote bazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Nawe hujambo? Mkeo Marcelline hajambo? Doudou na wenzake?"

Salamu za Mzanzibari na Mkongomani zikikutana hazimaliziki leo. Walifika kwa mashemeji, wakapita kwa majirani, na mkono wa Pandu ukaendelea kumimina wenyewe. Bi Rukia akaleta chai na kaimati. Barthélemy alipoondoka, Pandu akapachika vichwa vyote huku akiimba, akapanga risasi zake kwenye boksi.

Alikumbuka akiwa anatawadha kwa Magharibi. Maji yalikuwa yakimchuruzika kiwikoni akasimama ghafla. Kurunzi! Kila mara, kabla ya kupachika vichwa, humulika ndani ya maganda kuona kama baruti imelingana. Safari hii hakumulika.

Aliposali, sala ilimpita bila yeye kuiona. Akarudi bandani akajaribu kuzipima risasi kwenye mzani, akitumaini yenye kosa itajitaja. Haikujitaja. Maganda yalitoka viwanda mbalimbali, mengine mazito, mengine mepesi, na tofauti hizo ziliifunika ile baruti kidogo.

Shetani akaja na maneno matamu. Una uhakika gani kama umekosea? Umefanya kazi hii miaka mingi, mkono wako unajua. Na ukizifungua zote, kesho utashindana na nini?

Bi Rukia alimkuta amejishika kichwa. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kesho jicho la nani linakaa pale?"

"Langu. Na la Baba Doudou."

"Eish, Pandu. Sasa unaniuliza nini mimi?"

Akarudi ndani. Pandu akachukua kile kifaa chake kinachofanana na nyundo, kinachokitoa kichwa kikigongwa chini, akaanza. Alipofungua, alimwaga baruti kwenye kisahani cha mzani, akasoma, akashika nyingine. Zilikuwa sawa, na sawa tena, mpaka akaanza kujiona mjinga. Ndipo moja ikamwaga, ikamwaga, kisahani kikazama.

Pandu akakaa juu ya ndoo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa baharini, na hasira zake zote zilikuwa juu ya nafsi yake. Alipopata nguvu akazifungua na zilizobaki, maana aliyekosea mara moja anaweza kuwa amekosea mara mbili. Hakukuwa na nyingine.

Asubuhi, Barthélemy alipofika amevaa shati la kanisani, Pandu alimwambia yote, bila kuficha hata ile baruti ya kisahani. Barthélemy akainama, akaiangalia. Pandu akadhani atageuka aende zake. Badala yake alivuta kiti, akakiweka nje ya mlango wa banda, akakaa.

"Fanya kazi, Papa. Leo salamu zote ni zangu."

Na kweli zilikuwa zake. Pandu, ndani, alisikia majirani wakipita. "Iko muzima! Mama naye iko muzima! Batoto bote!" Mmoja aliulizia hata goti la Pandu, akajibiwa kwamba linaendelea bien. Pandu alimimina, akamulika kwa kurunzi, akamulika tena, akapachika. Muda ulitosha kwa risasi chache, si za mashindano mazima. Uwanjani alimpa mzee wa posta mkono na kumwambia mwaka huu hashindani. Mzee akafurahi kupita kiasi, na Pandu akagundua kwamba haimuumi.

Barthélemy akalala kifudifudi kwenye mkeka, shavu kwenye kitako cha bunduki, na Pandu akapiga magoti kando yake, kiganja mgongoni pake. Chini ya kiganja pumzi zilipanda na kushuka. Kisha zikatulia. Risasi ikalia, na mbele karatasi ya shabaha ikachezacheza.

Barthélemy hakuinuka. Alibaki vilevile, macho yamefumbwa, na Pandu akamwinamia.

"Baba Doudou. Hujambo?"

Barthélemy akafumbua macho.

"Niko muzima, Papa," akasema, na machozi yalikuwa yakimtiririka huku anacheka. "Marcelline iko muzima. Batoto bote bazima."